Kopo la Labania

Aprili 4

Nimefungua daftari hili kwa sababu nikizidi kusema peke yangu ngazini, Bi Time ataniitia mtu wa kunisomea. Bi Time ni mama wa mume wangu Suhail, na nyumba hii ya mawe hapa Mji Mkongwe ni yake, kuanzia mlango mpaka mabati. Mimi ni Nusrat, mtu wa Mombasa, niliyeletwa huku na ndoa mwaka jana. Mimba yangu imeingia mwezi wa saba. Idd imepita na nyumba nzima bado inanuka halua. Mimi nataka labania.

Kila ninayemwambia ananiuliza, kwani Unguja hakuna vitamu? Vipo. Halua ipo, ubuyu upo, kashata zipo kila pembe. Utadhani nimesema nina njaa! Ninayoitaka ni labania ya maziwa, ya rangi ya waridi, iliyokatwa vipande vidogo, inayoyeyuka kabla jino halijaifikia. Kwetu huuzwa dirishani, Mji wa Kale, na anayeiuza ni mama yangu.

Aprili 5

Mvua kutwa. Nimehamisha meza kutoka dirishani, kisha nimeirudisha.

Aprili 8

Nimekwenda Darajani. Muuzaji mmoja akaniapia kwamba labania anayo, tena ya leo. Nikaionja palepale. Unga mtupu. Nimemletea Suhail, akazila zote akiwa amesimama, na viatu vyake vya matope ya Jozani miguuni, akasema tamu. Mume wangu anatembeza wageni msituni kuwaonyesha kima punju, na akirudi jioni hula chochote kilichowekwa mbele yake. Nampenda, lakini ulimi wake si shahidi.

Jioni nikazunguka Forodhani meza kwa meza. Muuza urojo akanicheka: "Dada, leo tena? Kaa basi ule, maana kwa kuzunguka huku watakupa kazi ya ulinzi wa bustani."

Sikukaa. Siwezi kukaa mahali siku hizi.

Aprili 9

Nimegombezwa kwa ajili ya sahani. Jirani yetu Ummy alituletea muhogo wa nazi juzi. Leo nimeiona sahani yake kabatini, nikaiosha nikampelekea. Bi Time aliponiona narudi mikono mitupu akasimama katikati ya ukumbi.

"Umeipeleka na nini?"

"Na sabuni, Bi mkubwa. Imetakata."

"Tupu?"

"Tupu."

"Ewe mwana we! Ummy ataniona mie mtu gani? Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata ikiwa chumvi, utatia chumvi."

Kwetu pia ni hivyo, si kwamba sijui. Lakini kabati lake limejaa vyombo vya watu vinavyosubiri kitu cha kutiwa ndani, na mimi nilitaka kimoja tu kiondoke. Bi Time ana moyo mgumu na kanuni nyingi, na zote zinahusu sahani.

Aprili 12

Mvua imetukatia umeme. Nitaandika lile ambalo sijalisema.

Mimba ya kwanza mtu huenda kwao. Ndivyo Mombasa, ndivyo Unguja: siku zikikaribia unarudi kwa mama yako, ukazae yeye yupo, akukande kwa maji moto, akulishe arubaini nzima. Bi Time ananiuliza kila asubuhi, "Unakwenda lini? Ndege hazikubali tumbo likishakuwa kubwa." Namjibu kuwa mama yangu anaumwa miguu, tusubiri apate nafuu.

Mama haumwi miguu. Anapanda ngazi kuliko mimi. Siku watu wa Suhail walipokuja kuposa, alisema, "Mwana mmoja niliyejaaliwa, nimvushe maji?" Nikamwambia Unguja si mbali. Nikasema na mengine, kwa sauti ambayo mtu hamwinulii mama yake. Akanijibu taratibu, na Mama akisema taratibu ndipo mtu aogope: "Basi nenda. Na wallahi, chakula cha nyumba hiyo hakitapita kooni mwangu."

Ami yangu ndiye aliyeniozesha. Mama alikaa chumbani mpaka wageni wakatoka. Tangu siku hiyo simu zangu hazipokei, na ujumbe wangu hausomi. Sijui hata kama anajua kuwa nina mimba.

Suhail anayajua haya. Bi Time hajui. Naona haya kumwambia kuwa nyumba yake imeapiwa.

Naogopa kuzaa bila Mama. Nimeandika, basi.

Aprili 15

Nimepika labania mwenyewe. Maziwa ya unga, sukari, iliki, rangi kidogo, yote kama nilivyomwona Mama akifanya tangu utotoni. Imeganda vizuri, imekatika vizuri, na ina ladha ya kitu kilichosahauliwa. Nikaongeza iliki. Nikaongeza arki ya waridi. Sufuria ya tatu nikaimimina kwenye beseni na kwenda kukaa barazani, mvua ikinirukia.

Bi Time alionja kipande. "Nzuri," akasema. Kisha akaniangalia. "Lakini wewe hukuridhika."

"Kuna kitu hakimo."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekitia, Bi mkubwa."

Jibu hilo halikuwa na adabu, nimeliona lilipokwisha kutoka. Hakunigombeza. Alikwenda zake na beseni, na jioni nikaona nusu ya majirani wametafunishwa labania zangu, na kabati limepungua vyombo.

Aprili 17

Sikulala. Mtoto naye halali.

Aprili 19

Duka la Bwana Abizer liko nyuma ya nyumba yetu, na yeye na familia yake wanakaa juu yake. Anauza vitambaa, uzi, vifungo, na kila kisichohusiana na vifungo. Leo nimemuuliza tena kuhusu labania.

"Bibi weye," akasema, "wiki hii umeniuliza mara ngapi? Mke wangu akisikia hatua zako hunambia, kamjibu mtu wako wa labania."

"Basi nijibu, niache kuja."

Akacheka. Shemeji yake, Kazim, huenda Mombasa kufuata vitambaa na kurudi, safari haziishi. Ataondoka kesho. "Ntamwambia akuletee. Ya nani unataka?"

Jina la Mama lilinifika mdomoni. Nikalimeza.

"Ya yeyote," nikasema. "Mwambie aulize watu wa Mji wa Kale ipi ni nzuri."

Aprili 22

Mvua. Dari ya chumba cha juu inavuja. Bi Time ameweka sufuria nne chini na anazizungukia usiku na mchana.

Aprili 27

Kazim amerudi. Bwana Abizer alinipigia kelele kutoka dukani kabla sijafika mlangoni: "Labania imefika! Sasa tupumzike!"

Kazim mwenyewe alikuwepo, anakunja vitambaa. Akanieleza kuwa aliuliza kila mtu, na kila mtu alimwelekeza dirisha lilelile. "Nikamwambia yule bibi kuna mwanamke wa Kimombasa kule kwetu, mjamzito, anatusumbua dukani kila siku kwa labania. Akanambia ngoja. Nikangoja sana. Akatoka na hili."

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, la zamani, limefutika maandishi. Sikulifungua kwanza. Nililigeuza. Chini yake kulikuwa na madoa matatu ya rangi nyekundu ya kucha.

Kila mwanamke kwetu huweka alama vyombo vyake ili visipotee kwa majirani. Madoa matatu ni ya Mama. Nimekula katika madoa matatu tangu nilipoota meno.

"Vipi, bibi?" Bwana Abizer akauliza. "Sio yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Nilikula kipande cha kwanza ngazini, gizani, nikiegemea ukuta. Na palepale nikakijua kile ambacho sufuria zangu zote hazikuwa nacho. Moshi! Mama kabla ya kutia labania huliinamisha kopo juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi ulijae, kisha hulijaza upesi na kulifunga. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe mara nyingi, yeye akinihimiza, "Tia, tia, moshi hauvuki alasiri." Miaka yote nikidhani ni usafi wa chombo. Kumbe nilikuwa natia ladha.

Nikala tena, nikalia, nikala huku nalia. Mtoto akapiga teke.

Baadaye nililinusa kopo lenyewe. Halikunuka kitu. Labania ilikuwa imeunywa moshi wote, na kopo limebaki bati tu. Nimelificha nyuma ya nguo zangu. Nataka kulala nalo karibu.

Aprili 30

Leo nimegombana na Bi Time, kweli kweli.

Nilitoka asubuhi kwenda kliniki. Niliporudi, labania zangu zilikuwa kwenye bakuli la kioo mezani, zimefunikwa kwa kawa. Kopo halikuwepo.

"Kopo liko wapi, Bi mkubwa?"

"Lishakwenda. Kazim anasafiri leo, nkampa alirejeshe. Nlikuwa naweka nguo zako nkaliona. Nimetia vileja, nilivichoma jana, vimetoka vizuri mno."

Nilisema maneno mengi. Nilisema hakuna aliyemtuma. Nilisema hii nyumba haiwezi kuacha chombo cha mtu kikae siku moja bila kukishughulikia. Bi Time alikuwa ameketi na ungo wake mapajani, anachagua mchele, na mkono wake ukasimama.

"Vileja vyangu vina nini?"

Ndipo nikamwambia. Kopo ni la nani, kiapo kilikuwa nini, na miguu ya Mama haina ugonjwa wowote. Nilimwambia kuwa sasa Mama ataona nimemchokoza, nimemletea chakula cha nyumba aliyoiapia mpaka mlangoni kwake. Nilimaliza nikiwa nimesimama, nasubiri anitoe nyumbani kwake.

Mvua ikawa inadondoka katika sufuria za juu, tunaisikia sote wawili.

"Mwaka mzima unanificha," akasema Bi Time. "Mie nkadhani hunipendi tu."

Akausogeza ungo pembeni.

"Sasa nsikilize. Mama yako anauza labania kwa kopo?"

"Hapana. Huwafungia watu kwenye karatasi."

"Kazim alipata karatasi?"

Nikalitazama bakuli la kioo.

"Mtu akikupa kwa karatasi, kakuuzia, mmemalizana. Akikupa kwa chombo chake, chenye alama yake, anataka kirudi. Na wewe ulikificha nyuma ya nguo!" Akarudi kuchagua mchele wake. "Na kiapo nacho si jiwe. Kina kafara yake, kipo kitabuni. Mimi nimerejesha chombo kama nlivyofunzwa. Akila, akitupa, ni yeye na Mola wake."

Suhail aliporudi alitukuta kila mmoja chumba chake. Akala peke yake.

Mei 2

Ijumaa. Hatusemi, isipokuwa salamu. Shikamoo. Marahaba.

Mei 4

Dukani kwa Abizer mara mbili. Kazim bado.

Mei 6

Nesi wa kliniki amesema safari sasa basi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Nimerudi kwa miguu, njia ndefu, sikutaka kufika. Basi, Mombasa sitakwenda. Nitazaa hapa.

Bi Time aliniona usoni. Hakuuliza. Alileta maji ya moto ndani ya beseni, akayatia chumvi, akaniambia nitumbukize miguu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaanza habari zake pasipo mwanzo.

"Mie walinileta mjini kutoka Makunduchi. Nlikuwa mdogo kuliko wewe. Nkawa nalilia dagaa wa kwetu. Mama mkwe wangu akanambia, dagaa wapo Darajani, unalia nini?" Akacheka kidogo. "Nkamchukia mpaka akafa, Mungu amrehemu. Nawe ulipoanza hiyo labania yako, mdomo wangu ulitaka kusema vilevile. Nkaubana."

Kumbe alikuwa akiubana. Mimi nikidhani ni ugumu wa moyo. Nilimwomba radhi kwa maneno ya juzi, akasema, "Yashapita, sogeza mguu."

Mei 11

Kazim amerudi. Kopo hana.

Nilimbana dukani kama askari. Alisema Mama alilipokea kopo, akalipima kwa mkono, akajua halikuwa tupu. Akauliza, "Nani katia?" Kazim akajibu kuwa ni bibi mwenye nyumba. Mama akalifungua, akaangalia, akalifunga.

"Alikula?"

"Mbele yangu hakula, bibi."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama huku mvua ni kubwa."

Basi. Hilo tu. Nimemwambia Bi Time. Akasema, "Kauliza mvua? Vizuri." Sioni uzuri wake.

Mei 13

Jua kidogo asubuhi. Kila mtu kaanika magodoro, kisha kila mtu kakimbilia magodoro.

Mei 16

Kazim kaondoka tena. Nimejizuia kwenda kumwambia neno. Nimepanga nguo za mtoto, nimezipangua, nimezipanga.

Mei 22

Naandika haya jioni.

Adhuhuri Bwana Abizer alikuja mwenyewe mlangoni, mvua inamwagika, kofia yake ya dhahabu na nyeupe kaifunika kwa mfuko. Hajawahi kuja. Akanipa kopo la Mama.

"Nimeambiwa nikupe."

"Kazim karudi?"

"Karudi jana." Alikuwa anatazama ngazi, anatazama mwavuli, anatazama kila kitu isipokuwa mimi. "Nimeambiwa nikupe, basi. Mie sijui zaidi." Akaondoka mbio, mtu mzima yule.

Kopo lilikuwa jepesi. Nililitikisa. Halikulia.

Bi Time alikuwa nyuma yangu. "Tupu?" akasema.

"Tupu."

Sijawahi kuona uso wake vile. Hakukasirika. Alikuwa ameumia, yeye na vileja vyake. Kurudishiwa chombo kitupu, kutoka ng'ambo, na baada ya siku zote hizi! "Basi," akasema polepole. "Kajibu. Lete nikaliweke."

Lakini nilikuwa nimeshafungua kifuniko.

Ubani. Ulitoka mzito, ukanipanda puani mpaka macho yakanitoka machozi, na uzi mwembamba wa moshi ukajinyoosha mbele yetu, wallahi nimeuona, ukapotea. Nililifunga haraka kwa kiganja.

Moshi hauvuki alasiri. Hauvuki bahari pia. Kopo hili limefukizwa leo. Limefukizwa sasa hivi, karibu hapa.

"Bi mkubwa," nikasema, "halikuja tupu. Limetayarishwa."

Hakunielewa, na sikungoja anielewe. Nilishuka ngazi kwa upande, tumbo mbele, mkono kwenye kifuniko. Nyuma yangu nilimsikia, "Mwavuli! Ewe Nusrat, mwavuli! Utaanguka na mjukuu wangu!" Uchochoro wa kwenda dukani ulikuwa mto. Bwana Abizer aliponiona akanyoosha kidole juu bila kusema, na mkewe akashika pazia.

Mama alikuwa jikoni kwao, ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi kama mwenye nyumba, chetezo mbele yake, na sinia ya labania, ya waridi, imekwisha kukatwa. Amekonda. Hakuinuka. Alinitazama tumbo, kisha uso, kisha tumbo.

"Umelifunika?" akasema.

"Nimelifunika."

"Lete basi. Moshi utatoka."

Nikapiga magoti nikashika kopo, naye akawa anatia. Vipande viwili vikaangukia chini, na Mama haangushi labania. Lilipojaa alibana kifuniko kwa kiganja. Ndipo akanivuta kichwa akakilaza begani kwake, na sote wawili tukalia mpaka mke wa Abizer akafunga mlango.

"Nilikukosea, Mama."

"Nami nikaapa. Hayo tumeyafanya sote." Akanifuta uso kwa upindo wa leso yake. "Vileja vya mkweo vina iliki nyingi."

"Ulikula?"

"Nilikula kopo zima. Nikawalisha maskini kumi kwa ajili yake, ndiyo kafara. Maskini kumi, Nusrat, kwa vileja!"

Nikamuuliza kwa nini hakuja moja kwa moja nyumbani, amefika tangu jana na Kazim. Akajifunga leso upya. Alisema hawezi kugonga mlango wa watu aliowaapia, bila kuitwa. Angetuma kopo. Kama binti yake bado ni binti yake, atajua. Kama hajui, atarudi Mombasa kimya kimya, na Abizer ameshaapishwa asiseme.

Tumerudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja wa Abizer. Kopo alilibeba mwenyewe, hakukubali kunipa. Bi Time alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli wetu mkononi, nusu ya nguo zake zimelowa. Walitazamana.

"Karibu," akasema Bi Time. "Miguu imepona?"

"Miguu gani?" Mama akauliza.

Bi Time akanitupia jicho, nami nikatazama chini. Mama akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. Bi Time akalipima kwa mkono, kama Mama alivyofanya kwa vileja vyake, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, hili limejaa. Sasa mie nikishatia changu, nnalirejesha wapi?"

Mama alikuwa ameshainama kwenye kizingiti, anavua viatu.

"Humu humu," akasema. "Mimi nipo mpaka arubaini iishe."